Nchi ya Mufindi, Maji Yake, Miti Yake na Watu Wake

Mtu atokaye Iringa mjini, akishika njia kuu iendayo Mbeya, baada ya mwendo wa kilometa 80 hivi hufika Mafinga, mji mkubwa wa nchi ya Mufindi. Zamani za Waingereza mahali hapo paliitwa John's Corner. Msafiri aliyetoka pwani akishuka hapo jambo la kwanza ni kutafuta koti. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hutanda asubuhi hata mtu asiweze kuwaona ng'ombe wake mwenyewe zizini, na usiku mwingine umande huganda juu ya majani, ukawa mweupe kama chumvi iliyomwagwa.

Sababu ya baridi hiyo ni kimo cha nchi. Sehemu kubwa ya Mufindi ni uwanda wa juu, wenye vilima vya mviringo, na mahali pengi hupita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini upande wa mashariki na kusini uwanda huo una mwisho wa ajabu. Nchi hukatika ghafula, ikashuka kama ukuta mpaka bonde la Kilombero, ambako kimo hakifiki hata mita 500. Mtu akisimama ukingoni siku isiyo na ukungu, huliona bonde chini yake limelala katika joto, naye mwenyewe anatetemeka kwa baridi.

Ukuta huo ndio uletao mvua. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba unyevu mwingi, nao ukifika penye ukuta hauna njia ila kupanda juu. Hewa ipandapo hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika unyevu wake wote, basi huuacha ukawa mawingu, ukungu na mvua. Kwa hiyo vijiji vya ukingoni hupata mvua ipitayo milimeta 1,500 kwa mwaka, na upepo ukisha kuvuka ukingo huendelea magharibi ukiwa umekwisha kutua mzigo wake. Huko magharibi, pande za Malangali na Sadani, nchi ni kavu, na mkulima hutazama mbingu kwa wasiwasi. Wote ni watu wa wilaya moja, lakini mwaka wa njaa si mmoja kwao.

Maji ya mvua hiyo yana habari yake. Tone lianguklo upande wa kaskazini wa uwanda huingia Ruaha Mdogo, likapita karibu na mji wa Iringa, likafika Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, ambako huzungusha mitambo ya umeme. Tone jingine, lililoanguka mwendo wa saa chache tu kutoka hapo, huingia mto Kigogo Ruaha, nalo huteremka ukutani mpaka bonde la Kilombero. Moja limekwenda kaskazini, la pili limekwenda kusini, na mtu angedhani yameagana kabisa. Lakini Kilombero huingia Rufiji, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji vilevile, basi matone yote mawili hukutana tena kabla ya kufika baharini. Mto mwingine wa ukuta huo ni Kihansi, ambao maji yake yalifungwa yafanye umeme tangu mwaka 2000. Chini ya maporomoko yake waliishi vyura wadogo wa rangi ya manjano, wasiofika urefu wa sentimeta 3, waliohitaji manyunyu ya maji usiku na mchana, wala hawakupata kuonekana mahali pengine po pote duniani. Maji yalipopunguzwa wakaanza kufa. Wengine walikuwa wamechukuliwa kwa ndege mpaka New York, wakatunzwa humo katika vioo, na mwaka 2012 watoto wao wakarudishwa Kihansi, penye mabomba yaliyotegwa kuwanyunyizia.

Wenyeji wa Mufindi ni Wahehe, na upande wa kusini wamo Wabena wengi. Wakinga nao wamekuja kutoka milima yao ya Livingstone kwa biashara na kazi. Wote hulima mahindi, maharage, viazi mviringo na ulezi, na karibu kila nyumba ina kichaka cha mianzi. Mianzi hiyo si ya kujengea tu. Wakati wa mvua chipukizi zake hukatwa ncha kila siku, na maji yake hukingwa katika kipande cha mwanzi. Huo ndio ulanzi. Ukinywewa siku ile ile huwa mtamu, nao huitwa mtogwa. Ukikaa huchachuka ukaitwa mkangafu, na wazee wengi wamepotewa na njia ya nyumbani kwa ajili yake.

Kabla ya nusu ya karne ya 19 nchi hii haikuwa na mfalme mmoja. Palikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja na bonde lake. Munyigumba ndiye aliyewakusanya kwa vita na kwa ndoa, na mwanawe Mkwawa akaiongeza nchi, akapigana na Wasangu, na Wangoni, na Wabena. Wadachi, yaani Wajerumani, walipopanda kutoka pwani, Mkwawa hakukubali kuwa chini yao. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wao wakiongozwa na Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, walivamiwa huko Lugalo, na Nyundo mwenyewe akauawa. Wadachi wakarudi mwaka 1894 na mizinga, wakaivunja boma ya Kalenga tarehe 30 Oktoba. Mkwawa akatoka akiwa hai, na kwa muda wa miaka karibu minne akapigana vita vya maficho, akilala leo hapa na kesho kule, watu wakimpelekea chakula kwa siri na kuadhibiwa kwa ajili yake. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona adui wamemfikia, alijipiga risasi. Fuvu la kichwa chake lilichukuliwa Ulaya, wala halikurudi mpaka mwaka 1954. Vita hivyo viliacha mashamba mengi yamekuwa pori.

Juu ya nchi iliyochoka hivyo walikuja watu wa chai. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walikuwa wamefukuzwa Tanganyika, lakini tangu mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na baadhi yao wakachagua ukingo wa Mufindi, kwa sababu mchai hupenda mvua nyingi na ukungu na udongo mwekundu wenye uchachu. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 mashamba yao yakashikwa kama mali ya adui, na kampuni ya Kiingereza iitwayo Brooke Bond ikayapokea. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu; mkulima huukata usizidi kiuno cha mtu, ili mashina yote yawe sawa kama meza moja ya kijani kutoka kilima hiki mpaka kilima kile. Mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi lake, hapana zaidi. Jani lililochumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, kwa maana likilala ndani ya gunia huungua lenyewe kwa joto lake, na chai yake haifai. Kwa hiyo njia mbovu Mufindi si udhia wa msafiri tu; njia ikikatika kwa mvua, mchumaji mwenye ekari moja hupoteza kazi ya juma zima.

Chai ilihitaji mikono mingi, na hata hivyo wanaume wengi walikwenda mbali zaidi. Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa urahisi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vijana wa nyanda za juu za kusini, na hasa Wabena, waliandikwa wakapelekwa huko makundi kwa makundi. Kila mtu alipewa namba yake, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine walirudi wagonjwa, na wengine hawakurudi, wakaoa huko, na wajukuu wao sasa ni watu wa Tanga. Desturi hiyo ya kuondoka haikuisha na mkonge. Mpaka leo mabinti wengi wa mkoa wa Iringa hutoka vijijini wakiwa bado wadogo, kwenda kufanya kazi za nyumbani Dar es Salaam.

Malangali, katika ile sehemu kavu ya magharibi, serikali ya Waingereza ilifungua shule mwaka 1928, na mkuu wake, Mumford, alifanya jambo lililozungumzwa hata Ulaya. Alitaka shule ifanane na maisha ya kabila. Wavulana walivaa nguo ya kutupiwa begani kama wazee wao, na wazee wenyewe waliitwa shuleni kuwafundisha ngoma, mikuki na mila. Huenda nia ilikuwa njema. Lakini mzazi aliyemtoa mwanawe mashambani alitaka ajifunze yale asiyoweza kujifunza nyumbani, na mkuki angaliweza kufundishwa na babu yake bila ada. Jaribio hilo halikudumu; shule yenyewe ipo hata leo.

Mgeni apitaye Mufindi siku hizi husema, "Nchi hii ina msitu mkubwa." Kweli msitu upo, lakini uonekanao barabarani si wa kale. Misitu ya asili ni ile michache iliyobaki katika mabonde na juu ya ukuta, kama Kigogo na Lulanda, na uwanda ulikuwa hasa nchi ya majani. Mwaka 1939 miti ya kigeni ilianza kupandwa Sao Hill kwa kujaribu, na tangu miaka ya 1960, na zaidi katika miaka ya 1970, ikapandwa kwa wingi sana. Shamba la serikali la Sao Hill lina eneo la hekta zaidi ya 135,000, ingawa si zote zenye miti ya kupandwa. Misonobari, ambayo watu wengi huiita misindano kwa ajili ya majani yake, ililetwa kutoka Meksiko. Na mikaratusi, ambayo wengine huiita milingoti, asili yake ni Australia.

Sasa hesabu ya watu. Katika sensa ya mwaka 2002 wilaya ya Mufindi ilikuwa na watu 283,000 hivi. Mwaka 2012 walikuwa 317,731. Mwanafunzi ajuaye hesabu ataona kwamba katika miaka 10 waliongezeka watu 12 tu kwa kila 100, na katika miaka hiyo hiyo Tanzania nzima iliongezeka watu 30 kwa kila 100. Wengine wa wale waliopungua walikuwa wamehama. Wengine walikuwa wamekufa. Ukimwi uliupiga mkoa wa Iringa kuliko karibu mikoa yote. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba watu wazima zaidi ya 15 katika 100 walikuwa na virusi vyake, wakati ambapo kwa nchi nzima hawakufika 6. Ugonjwa ulifuata njia kuu na malori yake, na mashamba yenye wafanyakazi waishio mbali na nyumba zao, na desturi ile ya zamani ya kuondoka. Wenye nguvu ndio waliokufa, na wazee wakabaki na watoto. Vijiji vilikuwa na nyumba ambamo bibi mwenye miaka 70 aliwalea wajukuu watano, na mkubwa wa hao wajukuu ndiye aliyeshika jembe. Mwaka 2012 mkoa wote wa Iringa ulikuwa na wanaume 452,052 na wanawake 489,186.

Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zikafika vijijini pole pole, na watu waliokuwa wamekata tamaa wakarudi mashambani. Katika sensa ya mwaka 2022 halmashauri ya wilaya ya Mufindi ilikuwa na watu 288,996, na mji wa Mafinga, ambao tangu mwaka 2015 una halmashauri yake, watu 122,329. Jumla ni 411,325. Ongezeko hilo ni watu 29 kwa kila 100 katika miaka 10. Bado liko nyuma ya nchi nzima, lakini si lile la kwanza.

Katika miaka ile ya upungufu wenyeji wengi walianza kupanda misonobari katika mashamba yao wenyewe, na sababu yake si fedha tu. Mahindi hudai jembe kila mwaka. Msonobari hudai jembe miaka miwili mitatu ya kwanza, kisha hukua wenyewe, na nyumba isiyo na mwanamume mwenye nguvu huweza kuungoja. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kila upande, ekari moja huingia miche karibu 450. Lakini ni kungoja kwa kweli: mti wa mbao nzuri huhitaji miaka 18 hadi 25. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka uliopandwa mche, siku ya kuukata huenda ana watoto wake mwenyewe. Na moto mmoja wa kiangazi, ulioanzishwa na mtu aliyetaka kuchoma takataka za shambani tu, huweza kula kazi ya miaka 15 kwa alasiri moja. Ndiyo maana kati ya vitalu vya miti huachwa njia pana zilizolimwa zikawa udongo mtupu.

Tena liko jambo ambalo wazee wa vijiji hulijadili kwa maneno makali. Bei ya mbao ilipopanda, watu wa mijini walikuja kununua ardhi wapande miti. Aliyeuza ekari tano alipata bati la nyumba na ada ya shule, na hayo si mambo ya kudharau. Lakini mwanawe akikua, pa kulima mahindi hapana, naye huambiwa afanye kazi ya kupogoa miti katika shamba lililokuwa la babu yake. Wengine huogopa pia kwa ajili ya maji, kwa maana mkaratusi uliopandwa penye chemchemi hunywa kwa pupa, na chemchemi nyingine ambazo bibi zao walichota mwaka mzima sasa hukauka mwezi wa Oktoba. Huko Lulanda, kipande cha msitu wa asili kilichokuwa kimekatika katikati kwa mashamba kimepandwa tena miti ya kienyeji ili vipande viwili viungane. Kazi hiyo ni ya pole pole kuliko msonobari.

Miti yote hiyo ya serikali haikupandwa kwa ajili ya mbao peke yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ilitaka Tanzania ijitengenezee karatasi, na mahali palipochaguliwa ni Mgololo, upande wa kusini mashariki wa wilaya, mwendo wa kilometa 80 hivi kutoka Mafinga. Palichaguliwa kwa sababu tatu. Maji ya Kigogo Ruaha yapo, na karatasi hunywa maji mengi. Miti ya Sao Hill yaweza kufika kwa malori. Na reli ya TAZARA haiko mbali. Reli hiyo, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, hupanda ukuta ule ule uletao mvua, kati ya Mlimba na Makambako, na sehemu hiyo ndiyo iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote, kwa wingi wa madaraja na mahandaki yake.

Kiwanda kilianza kazi mwaka 1985, nacho kiliundwa kiweze kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Magogo hukatwakatwa yakawa vipande vidogo, kisha vipande hupikwa kwa dawa kali ndani ya mitungi mikubwa, chini ya joto na mkandamizo. Mti una nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo zimeshikamanishwa na kitu mfano wa gundi. Dawa huiyeyusha gundi, nyuzi zikabaki zimelegea kama uji. Uji huo huoshwa, humwagwa juu ya wavu upitao kwa kasi, maji yake huchuruzika, na kilichobaki hukamuliwa kati ya magurudumu, kikakaushwa kwa magurudumu mengine yenye moto. Mwisho wa mtambo karatasi hutoka ikijiviringa yenyewe. Yale maji meusi yaliyobaki katika mitungi, yenye gundi ya mti ndani yake, hukaushwa kidogo na kuchomwa, nayo hutoa mvuke na umeme wa kuendeshea kiwanda, na dawa yake hupatikana tena.

Lakini mtambo mkubwa hudai vipuri, na vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi ilikuwa nazo chache. Deni likaongezeka, karatasi ya kutoka nje ikaja kwa bei ndogo, na katika miaka ya 1990 kiwanda kikasimama. Wafanyakazi waliokuwa wametoka mikoa mingi wakabaki na nyumba lakini bila mshahara. Wengine wakajifunza kulima mahindi, wengine wakafunga mizigo. Miti ya Sao Hill iliendelea kukua, haikujua kwamba kiwanda kimefungwa. Baadaye serikali ilikiuza kwa wenye kampuni wa Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills, na moshi ukaonekana tena Mgololo. Kazi yake hasa ni karatasi ngumu ya rangi ya hudhurungi, ile ya kutengenezea mifuko na maboksi, nayo husafiri kwa malori kupitia njia ile ya ukungu mpaka Mafinga, na kutoka hapo mpaka Dar es Salaam, ambako fundi mwashi huupasua mfuko wa saruji kwa mwiko, akaumwaga, akautupa.